Pete Isiyo na Mkwaruzo

Ng'ombe aliingia katika kibanda cha Nyaruai bila kubisha, akalamba gauni la kwanza, akaona si nyasi, akageuka kutoka. Alipotoka, shela ya bibi harusi ilikuwa inaning'inia kwenye pembe yake ya kushoto. Watu waliokuwa wamefuata muziki na mahindi choma kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale wakaacha muziki, wakaacha mahindi, wakamfuata ng'ombe.

Nyaruai alibaki mdomo wazi. Siku hiyo alikuwa amevaa rinda la samawati lililomkaa kiunoni kama lilishonewa mwilini, na chini raba nyeupe ambazo matope yalikwisha kuzipa rangi nyingine. Kwa miaka mitano alikuwa akikodisha magauni ya harusi mjini Kitale na kuuza pete katika kabati la kioo mbele ya duka lake. Alishaona mabibi harusi wa kila aina, wanaolia, wanaotapika, na mmoja aliyetoroka kupitia dirisha la choo cha kanisa. Huyu wa kwato nne ndiye hakuwa amemwona.

Nyuma ya ng'ombe akaja mwanamume mrefu akikimbia, koti jeupe, gambuti hadi magotini, kamba mkononi.

"Samahani, madam. Pole sana. Huyu ni mpole, sijui nini imemwingia."

"Mpole? Ameniharibia shela."

"Hajaharibu. Ameivaa tu."

Watu wakacheka. Nyaruai hakucheka, ingawa tumbo lilitaka. "Na wewe ndiye bwana harusi?"

"Mimi ni daktari wake."

"Ala. Daktari wa ng'ombe."

"Afisa wa mifugo, Bungoma. Lakini wewe niite vile unataka." Akaitoa shela kwenye pembe taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia. "Naitwa Makokha. Nikuregeshee aje?"

"Utaifua. Na mkono yako, si mashine. Sabuni ya kipande, maji vuguvugu, na usiikamue."

"Sawa. Nikishafua nakuletea wapi?"

Nyaruai akamtajia nambari ya simu mbele ya umati mzima, akaongeza, "Na usinipigie kabla haijakauka."

Alipiga saa kumi jioni ile ile.

"Imekauka?"

"Bado. Nilitaka tu kuuliza, hiyo vuguvugu ni ya kuoga ama ni ya chai?"

Hapo ndipo Nyaruai alipocheka, na mwanamke akishacheka hivyo peke yake dukani, simu ikiwa imebanwa baina ya sikio na bega, mambo yamekwisha.

Makokha alianza kuja Kitale kila Jumamosi. Alikuja na shati lililopigwa pasi likasimama, viatu vinavyong'aa, na harufu ya sabuni ambayo haikuweza kuificha kabisa harufu ya zizi. Walikula samaki karibu na soko, wakatembea, wakabishana kuhusu kila kitu. Nyaruai alikuwa binti wa Ngige, mkulima wa mahindi na maziwa kule Endebess, Mkikuyu ambaye babake alihamia Trans-Nzoia zamani kutoka Nyeri. Makokha alikuwa Mbukusu wa Naitiri, lakini alilelewa Kanduyi, pale Bungoma, na shangazi yake Nabwile, mwalimu mstaafu. Mama yake, Nakhumicha, alifariki yeye akiwa na miaka sita. Baba yake alimfuata baadaye.

Simu ndizo zilizowamaliza.

"Niaje, mrembo. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe umeshika nini leo?"

"Usiulize wakati mtu anakula, bana."

"Osha mikono kabla ya kunipigia."

"Ati naosha mikono ndio niongee na simu? Haya, naosha. Sikia maji."

Na kweli maji yalisikika.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Nyaruai hakulielewa. Makokha hakulikaribia kamwe lile kabati la kioo. Akija dukani alikaa kwenye kiti cha wateja akiwa ameligeuzia mgongo. Siku moja Nyaruai alimsogezea kisahani cha pete kwa mchezo, akamwambia, "Chagua moja tujaribu." Makokha akarudi nyuma, jasho likamtoka juu ya mdomo, akasema anasikia joto. Ilikuwa Julai, na Kitale ya Julai mtu hasikii joto.

Na kila habari ya harusi ilipotajwa, alikuwa na jibu moja.

"Njoo tukae kwanza Bungoma, mpenzi. Mambo ya kanisa tufanye mwaka ujao."

Alisema hivyo Machi. Akasema tena Juni. Agosti akasema kwa sauti ya kubembeleza, amemshika mkono, na Nyaruai akautoa mkono wake.

"Makokha, mimi ndiye navalisha wasichana wa huu mji gauni. Halafu mimi nihamie kwako na begi? Baba yangu ni mzee wa kanisa. Ataniangalia na macho gani?"

"Si ni mwaka mmoja tu?"

"Kama hutaki kunioa, sema."

"Nataka kukuoa kuliko kitu chochote," Makokha akasema, na macho yake yalikuwa na woga ambao Nyaruai aliuona, akaushangaa, asijue aupe jina gani.

Jumapili moja ya Septemba alimpeleka Kanduyi kumwona shangazi. Nyaruai alivaa sketi ndefu ya maua na blauzi ya krimu, akasuka nywele upya, akabeba mkate na majani chai kama mtu aliyelelewa vizuri. Nabwile alimpokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mama mrefu, kitenge cha kijani, kitambaa kichwani, na sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa.

"Karibu, mayi, mwanangu. Huyu mtoto amenisumbua na jina lako mpaka kuku wanalijua."

"Asante, senge," Nyaruai akasema, kwa sababu Makokha alishamfundisha kwamba huko shangazi wa upande wa baba ni senge. Nabwile akafurahi sana.

Kuku aliiva, ugali ukasongwa. Makokha alikuwa nje akipuliza jiko. Nabwile alikuwa jikoni, na kutoka huko akasema, "Mayi, nitolee vikombe vizuri kwa kabati. Vile vya nyuma."

Nyaruai akaingiza mkono nyuma ya vikombe. Mkebe mdogo wa bati ukaanguka, ukafunguka, na pete ikabingirika hadi kwenye mguu wa meza.

Sasa, mtu aliyefanya kazi ya pete miaka mitano akiona pete chini hataiacha chini. Aliiokota. Ilikuwa dhahabu halisi, pana, nzito, kazi ya zamani ambayo siku hizi haifanywi. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ndani, akatazama ukingo, kisha akafanya alichofanya kila siku dukani bila kufikiri. Akaivaa.

Makokha aliingia na sufuria. Sufuria ikamponyoka.

"Vua."

"Nini?"

"Vua hiyo kitu, Nyaruai. Vua sasa hivi."

Hakungoja. Alimshika mkono, akaivuta ile pete kwa nguvu hata ngozi ya kiungo ikachubuka, akamkokota hadi bombani nje, akaanza kumsugua kidole kwa sabuni. Nabwile alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Nyaruai alipigwa na butwaa. Mwanamume huyu hakuwa amewahi kumshika hata kwa ncha ya kidole kwa hasira.

"Hiyo pete ni ya nani?"

Makokha aliendelea kusugua.

"Makokha, nakuuliza. Ni ya mwanamke?"

"Ni ya wanawake," akasema bila kumtazama. "Watatu."

Nyaruai alisikia masikio yakimlia. Wanawake watatu. Hapo kila kitu kikajipanga kichwani mwake, ule mgongo kwa kabati, ule mwaka ujao, ule woga. Alichukua mkoba wake, akamshukuru Nabwile kwa chakula ambacho hakuwa amekila, akaondoka. Makokha alisimama bombani maji yakimwagika juu ya viatu vyake vinavyong'aa.

Simu ililia mara nyingi. Jumanne ndipo alipoipokea.

"Una dakika tano," akasema. "Anza na huyo wa kwanza."

"Wa kwanza ni bibi yangu," Makokha akasema.

"Bibi yako nani?"

"Bibi. Kukhu. Mama ya baba."

Nyaruai akakaa.

"Babu alinunua hiyo pete. Bibi akaivaa, akafa. Ikaenda kwa baba mkubwa. Mke wake akaivaa, akafa. Ikaenda kwa baba. Mama yangu akaivaa. Nyaruai, niliona na macho yangu. Nilikuwa na miaka sita. Iko kwa kidole yake, na siku hiyo hiyo tukamzika. Binamu zangu wote wanajua. Kwetu mwanamke akivalishwa pete, hamalizi siku."

"Hamalizi siku."

"Ndio sababu nasema tukae tu. Bila pete, bila kanisa. Nataka uishi."

Nyaruai aliitazama simu kana kwamba imemtemea mate. Alikuwa amejitayarisha kwa mke wa siri, kwa mtoto wa siri, hata kwa ugonjwa. Kwa hili hakuwa amejitayarisha.

"Wewe umesoma hadi chuo kikuu," akasema. "Unapima damu ya ng'ombe na mashine. Halafu pete inaua watu?"

"Watatu, Nyaruai."

"Kesho nitaivaa tena nikuonyeshe."

"Usiseme hivyo. Tafadhali, dear, usiseme."

Alikata simu akicheka kwa hasira. Alhamisi asubuhi, akishona ukosi wa gauni kwa cherehani ya umeme, mtu akamwita kutoka mlangoni, akageuka mara moja tu. Sindano ikapita katikati ya kidole cha pete, kile kile kilichochubuka, ikatokea upande wa pili. Dinah, fundi mwenzake, ndiye aliyezima mashine. Nyaruai alikitazama kidole chake kimeshonwa kwenye satini nyeupe, na kabla ya kusikia maumivu alisikia baridi ikipanda mgongoni.

Makokha, aliyepigiwa simu na Dinah, alifika Kitale mchana, bado na gambuti. Alimkuta ametoka zahanati, mkono umefungwa bandeji. Hakukaa hata kwenye kiti cha wateja.

"Ni cherehani tu," Nyaruai akasema. "Kila fundi amewahi kujishona."

"Kidole gani?"

Nyaruai aliuficha mkono nyuma.

"Uliivaa dakika mbili. Dakika mbili tu, na angalia." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Tuachane, Nyaruai. Afadhali nikuone na mtu mwingine hapa Kitale kuliko nikuzike Naitiri."

"Unaniacha kwa sababu ya sindano?"

"Nakuacha kwa sababu nakupenda."

Mwanamke huambiwa maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hilo lilimchoma Nyaruai kuliko sindano. Alimfungulia mlango kwa mkono mzima.

Zikapita wiki tatu. Makokha alizunguka mashamba ya Tongaren akichanja ndama, akila hashibi, akilala huona kidole. Nyaruai alishika kazi zake, akajibu wateja vizuri, akaenda Endebess akamwambia baba yake kwamba yule daktari hayupo tena. Ngige akasema, "Sawa," kisha akaenda kukamua. Jambo ambalo Nyaruai hakumwambia mtu ni kwamba yeye pia alikuwa ameanza kuogopa. Mteja akitaka pete, alimtuma Dinah afungue kabati. Alijichukia kwa hilo na akaendelea kufanya hivyo.

Halafu siku moja ya Oktoba akaja mama mmoja wa makamo, amenenepa, pete inambana, anataka iongezwe ukubwa. Dinah alikuwa amekwenda sokoni. Nyaruai hakuwa na budi. Aliivua kwa sabuni, akachukua kioo chake cha kukuza, akaangalia.

"Umeivaa miaka mingapi, mama?"

"Kumi na mbili."

"Naona imeosha sufuria sana."

"Imeosha, imelima, imemchapa huyo mzee mara moja," mama akasema, na wakacheka.

Pete ilikuwa imejaa mikwaruzo. Ukingo ulikuwa umelainika kama kipande cha sabuni kilichotumika. Na Nyaruai, kioo kikiwa bado jichoni, akaacha kucheka. Aliiona tena ile pete ya Kanduyi kwenye mwanga wa dirisha. Ukingo wake ulikuwa mkali. Ndani hapakuwa na alama hata moja. Wanawake watatu, miaka arobaini na zaidi, na pete ilikuwa vile vile ilivyotoka kwa sonara.

Akampigia Makokha.

"Kesho asubuhi nakuja Bungoma. Nikukute kwa senge."

"Nyaruai, si tulikubaliana..."

"Wewe ndiye ulikubaliana. Mimi nilikuwa nimefungwa bandeji."

Alifika saa tatu, suruali nyeusi, koti la kazi, nywele zimefungwa nyuma, hana mkate wala majani chai. Makokha alikuwa ameketi kwenye kona ya sebule, amekonda, ndevu hazijanyolewa, na alipomwona alisimama akakaa tena. Nyaruai alitamani kumkimbilia. Badala yake alimgeukia Nabwile.

"Senge, samahani kwa kuja hivi. Naomba ile pete."

Nabwile aliliendea kabati. Kisha akaleta mkebe. Nyaruai akaiweka pete juu ya leso nyeupe, akatoa kioo chake.

"Bibi yake Makokha alikuwa analima?"

"Hadi wiki ya mwisho," Nabwile akasema.

"Na yule wa baba mkubwa?"

"Alikuwa na ng'ombe saba. Alikamua mwenyewe."

"Nakhumicha je?"

"Nakhumicha aliuza mahindi Naitiri. Alibeba magunia kama mwanamume. Mbona unauliza?"

"Kwa sababu hii pete haijawahi kufanya kazi," Nyaruai akasema. "Haijaosha sufuria, haijashika jembe, haijakamua. Mimi kazi yangu ni hii, senge. Mwanamke akivaa pete wiki mbili tu, mimi naona. Hii hakuna mtu ameivaa hata siku moja."

"Mimi niliona," Makokha akasema. "Nimekuambia niliona. Mama alikuwa nayo."

"Ulimwona wapi?"

"Sebuleni. Naitiri."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa..." Akasita. "Alikuwa amelala."

"Amelala wapi, Makokha? Kwa kiti?"

Makokha aliitazama pete juu ya leso. Uso wake ulibadilika polepole, na Nyaruai, ambaye alikuja kushinda ubishi, akatamani ghafla asingeuliza.

Nabwile aliinuka, akafunga mlango wa mbele, akarudi akakaa. Alipoanza kusema, sauti ile ya darasani haikuwepo.

"Alikuwa kwa jeneza, papa," akamwambia mpwa wake. "Wote watatu. Hakuna aliyevalishwa akiwa hai."

Nje mtu alikuwa akiuza mboga kwa sauti.

"Wanaume wa nyumba yetu walikuwa wanakaa tu," Nabwile akaendelea. "Wanachukua msichana wa watu, wanazaa naye, wanazeeka naye. Ng'ombe za mahari hazijaenda, kanisani hawajafika. Mama yangu alipokufa, watu wake walikuja kutoka kwao wakasimama getini. Wakasema hamtamweka binti yetu kwa udongo kama mtu asiye na mwenyewe. Muoeni kwanza. Ng'ombe zikatolewa asubuhi hiyo, maiti iko uani. Na baba, kwa aibu, akatuma mtu mjini akanunua pete kubwa kabisa, akamvalisha mbele ya watu. Mchungaji alikataa kuangalia. Alisimama nje."

"Na wewe?" Nyaruai akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi ndiye niliitoa kabla ya kufunga jeneza. Nilisema dhahabu haizikwi. Nilisema..." Nabwile alijifunika mdomo kwa mkono, kama aliyesikia maneno yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Nilisema tutaihitaji tena. Na tukaihitaji. Mara mbili."

Makokha alikuwa anatazama ile pete. "Mama alikufa na nini?"

"Kujifungua. Alitokwa na damu, gari ikachelewa. Mtoto pia hakukaa. Mama yangu ilikuwa uzee. Yule mwingine presha. Pete haikumuua mtu."

"Na kwa nini uliacha niamini? Miaka yote hii, senge?"

"Watoto ndio walianza. Mliona pete na maiti mkaunganisha wenyewe. Nikaskia, nikanyamaza." Machozi yalimtoka mwalimu mstaafu bila kelele. "Laana ilikuwa na aibu kidogo kuliko ukweli, papa. Ukisema tumerogwa, watu wanakuonea huruma. Ukisema baba yako alimuoa mama yako akiwa maiti, utasema hivyo kwa nani?"

Nyaruai alikuwa ameshika ukingo wa meza. Alikuwa ameshughulikia mabibi harusi mia na zaidi, na sasa akili yake ilikataa kuacha kumwona mmoja ambaye hakumjua, amelala sebuleni Naitiri, kidole kinanyanyuliwa na mtu mwingine kwa sababu hakiwezi kujinyanyua. Alihisi huruma kubwa, na hasira.

"Alitaka harusi?" Makokha akauliza. "Mama. Aliwahi kusema?"

"Kila Krismasi alikuwa anauliza," Nabwile akasema. "Baba yako hakuwa mtu mbaya. Alimpenda. Alikuwa anamwambia mwaka ujao."

Nyaruai aliyaona maneno yale yakimfikia Makokha, yakimwingia. Makokha alimgeukia polepole, macho mekundu.

"Mimi nimekuambia mara ngapi?"

"Tatu," Nyaruai akasema. "Machi, Juni na Agosti."

Makokha aliweka viganja juu ya magoti. Mtu mzima, afisa wa serikali, ameogopa pete tangu utoto, na katika kuikimbia akawa anakwenda moja kwa moja pale pale alipofika baba yake, na babu yake kabla yake. Kisha akasimama.

"Senge, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Endebess. Kwa baba yake Nyaruai."

"Leo? Papa, kwa wakwe hatuendi hivyo. Kuna wazee. Kuna siku inapangwa."

"Wazee watakuja na siku yao, na ng'ombe zao. Mimi naenda kusema tu. Nimeona vile tukingoja inakuwa."

"Na mimi?" Nyaruai akauliza. "Kwani mimi nimeulizwa?"

Makokha alimwendea. Hakupiga goti wala hakutafuta maneno. Alikishika kile kidole chenye kovu dogo jipya kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Utanikubali, Nyaruai?"

"Mimi nilikubali kitambo. Wewe ndiye ulikuwa unakataa." Halafu akamlalia kifuani, koti na ndevu na harufu ya zizi vyote pamoja, akalia. "Wiki tatu, Makokha. Mjinga wewe. Wiki tatu."

"Pole, mpenzi wangu. Pole."

Nabwile alifunga pete ndani ya leso, akasema Jumamosi ataipeleka Naitiri, kwenye kaburi la Nakhumicha, na yale atakayomwambia huko ni yao wawili. Kisha akatafuta viatu.

Walifika Endebess saa saba kasorobo, gari la Makokha limejaa vumbi. Ngige alikuwa uani akisafisha mikebe ya maziwa. Alikuwa mzee mfupi, sweta ya kijivu, kofia iliyopauka, na alipomwona anayeshuka kutoka upande wa usukani, aliendelea kusafisha. Aliwakaribisha ndani kwa sababu mgeni ni mgeni. Chai ikaletwa.

"Wewe si ndiye ulimwacha msichana wangu akiwa na mkono umefungwa?" Ngige akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa umekuja na mama wa watu mchana. Unatafuta nini kwangu?"

Njia nzima Makokha alikuwa amepanga maneno. Alikuwa na salamu, alikuwa na msamaha, alikuwa na habari za ukoo wake na kazi yake, vyote kwa utaratibu. Alipofungua mdomo vyote vikapotea, likabaki moja tu.

"Nimekuja kuomba nimuoe Nyaruai akiwa hai."

Kikombe cha Ngige kilisimama njiani. Alimtazama kijana, akamtazama binti yake ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, akamtazama yule mama mwenye kitambaa kichwani. Akakiweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Kwani huko kwenu," akauliza, "mnaoaje?"

Nabwile ndiye aliyesogeza kiti chake karibu na mzee, akakunja mikono mapajani, akaanza kumweleza yote tangu mwanzo.